Msumeno wa Mke Wangu

Mashine ilipomtoka Ngurumo mikononi, yeye mwenyewe hakuhisi kuwa imemtoka. Hilo ndilo lililomtisha baadaye kuliko yote. Alikuwa amesimama juu ya mti ulioangushwa na dhoruba, shina likiwa limelalia ukuta wa Mama Mkunga na matawi yakiwa yameziba geti zima, naye anakata tawi nene kama paja la mtu mzima. Macho yake yalikuwa kwenye tawi. Masikio yalisikia mlio ukibadilika ghafla. Alipotazama mikono yake aliikuta imekunja vidole vilevile, kama inayoshika kitu, na haikuwa imeshika chochote.

Chini alikuwepo mkewe, Mama Pacha, amelikamata tawi kwa mikono miwili ili lisiyumbe. Alikuwa pale kwa sababu Ngurumo alimwambia asimame pale. Msumeno ule wa mnyororo, kilo saba na ushei ukiwa na mafuta yake, uligonga gogo, ukapinduka, ukampitia mguu wa kushoto, kisha ukaangukia jiwe na kuzimika. Mama Pacha hakupiga kelele. Aliketi chini polepole kama mtu aliyekumbuka kuwa amechoka, akapandisha sketi, akatazama muundi wake. Damu ilikuwa imeshaanza kushuka kuelekea kwenye kiatu.

Mama Mkunga alitoka mbio, taulo begani. Alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya watu wa mtaa ule walizaliwa mikononi mwake, na alizungumza nao wote kana kwamba bado hawajavishwa nguo.

"Kumetokea nini?"

Ngurumo alikuwa ameshashuka. Alimtazama mkewe, akaitazama mashine, akawatazama majirani wawili walioegemea ukuta tangu asubuhi wakiangalia kazi kama sinema ya bure. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja la kweli. Mdomo ukamtangulia.

"Nilimwambia asisimame hapo," alisema. "Watu hawasikii. Nilimwambia."

Mama Pacha aliinua uso. Alimtazama mumewe, si kwa muda mrefu, kisha akamgeukia yule mama.

"Ni kweli," alisema. "Nilisimama vibaya."

Mama Mkunga alipiga magoti, akaosha jeraha kwa maji ya chumvi, akalibana kwa kitambaa safi, na muda wote huo mdomo wake haukupumzika. Alimuuliza Mama Pacha kama ameshasahau kuwa ana watoto wawili shule ya bweni. Alimuuliza kama alidhani ile mashine ni mwiko wa jikoni. Mume anasema simama kule, yeye anasimama hapa, akili iko wapi? Kesho apite kituo cha afya ashonwe na achomwe sindano ya pepopunda, na asijifanye shujaa.

"Nisamehe, mama," alisema Mama Pacha.

"Usiniombe mimi. Muombe mumeo, umemharibia mashine."

Ngurumo alikuwa amechuchumaa hatua chache kutoka pale, akiokota vipande vya kava la plastiki lililopasuka. Aliviokota kimoja kimoja, hata vile vidogo visivyofaa kitu, ili asilazimike kusimama. Alisikia mkewe akivuta pumzi.

"Nisamehe, Baba Pacha."

Majirani walikuwa wanatazama. Ngurumo alikohoa.

"Haya," alisema. "Yamekwisha."

*

Hayakuwa yamekwisha. Jumanne Mama Pacha alishonwa nyuzi sita. Siku hiyohiyo fundi aliifungua mashine, akaichungulia ndani, akamrudishia Ngurumo ikiwa kwenye gunia. Ubavu wa injini ulikuwa umepasuka. "Hii sasa ni ya kuuza spea," fundi alisema, naye akanawa mikono kama daktari aliyemaliza kazi.

Mashine ile ndiyo iliyompa jina. Watu walikuwa wakisikia mngurumo wake mitaa mitatu kabla hawajamwona mwenyewe, na kwa miaka kumi na minane hakuna aliyemuita jina lake la kuzaliwa isipokuwa karani wa kliniki. Lakini mngurumo ule ulikuwa umeingia mikononi mwake ukakaa. Asubuhi vidole vilikuwa vinaamka baada yake. Ncha zake zilipauka kama zimepakwa majivu, halafu zikachomachoma, halafu zikawa si zake. Alikuwa amejifunza kushika kikombe kwa viganja viwili. Alikuwa amejifunza kumwambia mkewe, "Nifunge vifungo hivi upesi, nimechelewa," na alijisifu moyoni kwamba hakuna aliyegundua lolote.

Mama Pacha hakumgombeza. Angemgombeza, Ngurumo angepata pa kujitetea. Badala yake aliuliza kama maji ya kuoga yamekuwa ya moto mno, alitandika kitanda, alichechemea kutoka jikoni hadi sebuleni na sahani ya chakula, na alipokuwa anaiweka mezani alisema "karibu" kwa sauti ileile ya siku zote. Mara tatu Ngurumo alipanga maneno kinywani. Mara tatu aliuliza habari za kitu kingine: kama pacha wamepiga simu, kama mlango wa nyuma bado unalia, kama chumvi ipo.

Simu aliyopigiwa ilikuwa ya Mama Mkunga.

"Mimi napita juu ya matawi kama kima," alisema. "Umri wangu huu. Ijumaa ikinikuta bado nimefungiwa humu, natafuta mtu mwingine. Mkeo anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, mama."

"Mwambie safari nyingine asikie anachoambiwa."

Ngurumo alikata simu, akakaa akiitazama. Mama Pacha alikuwa anakunja nguo kitandani.

"Anasemaje?"

"Anataka kazi iishe." Alijikuna shingo. "Nataka nitafute mashine ndogo. Nyepesi. Kazi zenyewe siku hizi ni kupogoa na kuni tu. Ile kubwa ilikuwa ya nini?"

"Ya nini kweli," alisema Mama Pacha. Alikunja shati, akalilaza juu ya mengine. "Kesho tunakwenda wote."

"Na mguu huo?"

"Mguu hauendi kununua. Nakwenda mimi."

*

Duka la Bi Spea lilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya oili na mpira mpya. Minyororo ya misumeno ilining'inia ukutani kama mikufu. Bi Spea alirithi duka kutoka kwa mumewe aliyekuwa fundi, ila waliowajua wote wawili walisema hata marehemu alipokuwa hai, swali gumu lilikuwa likiishia kwa mkewe. Alimuita Ngurumo shemeji, kwa kuwa marehemu na Ngurumo walikata miti pamoja ujanani.

Ndani mlikuwa na mteja mwingine: Bonge, mpasua mbao, mtu mpana mwenye sauti ya kujaza chumba. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anasubiri mnyororo wake unolewe. Ngurumo alipomwona, miguu ilimwambia arudi. Lakini Mama Pacha alikuwa nyuma yake mlangoni.

"Ngurumo mwenyewe," alisema Bonge. "Shemeji, salama? Nilihisi ardhi inatikisika nikajua huyo anakuja. Leo umefuata nini, kaka? Mashine ya kilo kumi?"

Ngurumo alitembea taratibu mbele ya rafu ya mashine kubwa, anagusa hii, anagusa ile, kama mtu asiye na haraka, mpaka akafika kona ya mwisho zilipo ndogo. Zilikuwa tatu, zimepangwa mezani, zina rangi za kung'aa kama vitu vya watoto. Aliweka kiganja juu ya mojawapo.

"Hizi," alisema.

Bonge alicheka mpaka ndoo ikalia chini yake. "Hiyo si ya miti, kaka. Hiyo ni ya kinyozi. Unakwenda kumnyoa nani?"

"Ni ya mke wangu." Maneno yalitoka bila kukwama popote. "Ya kuni za jikoni. Ananisumbua, anataka ya kwake."

Alisema hayo akiwa amempa mkewe mgongo, na mgongo ule ukaanza kuwasha. Alisubiri. Juma halijaisha, na hii ilikuwa mara ya pili.

"Ndiyo," alisema Mama Pacha. "Nataka ya kwangu."

Bi Spea aliweka kalamu chini. Yeye alikuwa mtu wa kuchukua maneno kama yalivyosemwa. "Basi wewe shemeji kaa pembeni. Anayechagua ni atakayeishika. Njoo, dada. Hebu niambie, ni ya kuni peke yake, au na matawi?"

"Na matawi. Ya miti iliyoanguka, na ile mifupi ya uani."

"Unene gani?"

Mama Pacha alionyesha mkono wake kuanzia kiwiko, kisha akagusa paja. "Mengi ni hivi. Machache ni hivi. Makubwa zaidi ya hapo hatuyakati siku hizi, tunawaachia wenye mashine kubwa."

Bonge aliacha kucheka, akamtazama Ngurumo. Ngurumo alikuwa anasoma kibandiko cha bei kwenye kopo la oili.

Mama Pacha alikuwa ameinua ile ndogo kuliko zote, yenye mshikio juu. Bi Spea aliipokea, akairudisha mezani. "Hiyo sahau. Ni ya watu wanaopanda mti wakiwa wamefungwa kamba. Ukiwa chini itakushawishi uishike kwa mkono mmoja, na hapo ndipo watu wanapojikata. Shika hii. Hii ni ya petroli, kilo nne na kitu, ulimi wake inchi kumi na nne." Ulimi ndilo jina walilolipa lile bapa la chuma linalozungukwa na mnyororo. "Ina nguvu, mafuta yakiisha unajaza unaendelea. Lakini ina kelele, ina moshi, na kamba ya kuwashia inataka mkono. Na hii nyingine ni ya betri. Kilo tatu na nusu na betri yake, ulimi inchi kumi na mbili. Betri moja ni nusu saa ya kazi, ukibahatika dakika arobaini. Kwa hiyo unachukua mbili, moja inafanya kazi, moja inakula umeme. Tawi la paja inakata, ila kwa upole. Ukiilazimisha zaidi ya hapo unatafuta ugomvi."

"Tunafanya kazi nyuani kwa watu," alisema Mama Pacha. "Umeme huwa upo."

"Haya, inyooshe mbele, mikono yote miwili, viwiko umevikunja kidogo. Hesabu mpaka sitini. Ukianza kutetemeka kabla hujafika, ni nzito kwako, hata nikikusifia vipi usinisikilize."

Mama Pacha alihesabu kwa midomo tu. Ngurumo alimtazama kwa pembeni. Miaka yote ile alikuwa akimuita msaidizi wake, akiulizwa, alisema, "Yule ananivutia matawi tu." Sasa aliona kuvuta matawi kulikuwa kumemfanya nini. Mikono ile ilikuwa imesokotwa kama kamba. Ilifika sitini ikapita, na Bi Spea ndiye aliyemwambia ashushe.

Jambo hilo Ngurumo hakuweza kulivumilia akiwa amekaa. "Hebu nipe ile ya petroli niiwashe," alisema. "Mtu hanunui kitu hajakisikia."

Walitoka uani. Aliweka mashine chini, akaikanyaga mshikio, akakamata kishikio cha kamba, akavuta. Kamba ilitoka kidogo ikarudi. Akavuta tena. Mara ya tatu alivuta kwa nguvu zake zote, vidole vikaachia bila kumtaarifu, kishikio kikaruka na kugonga mashine, naye akapepesuka nyuma hadi akashikwa na ukuta. Bonge alikuwa amewafuata, amesimama mlangoni, na uso wake ulionyesha kuwa alikuja na neno tayari. Hakulisema. Aligeuza macho akaanza kukagua kucha zake, na kimya hicho cha Bonge kilimuuma Ngurumo kuliko kicheko cha ndani.

Bi Spea alimshika mkono, akaugeuza kiganja juu. Ncha za vidole vitatu zilikuwa zimepauka.

"Tangu lini?"

"Ni baridi tu."

"Baridi, jua lote hili?" Alivibonyeza kimoja kimoja. "Unanisikia hapa? Na hapa?"

Ngurumo alitaka kuuvuta mkono wake, akadhani ameuvuta, mpaka alipotazama akauona bado umelala kwenye mkono wa yule mama.

"Marehemu alikuwa hivihivi," alisema Bi Spea, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Miaka miwili aliniambia baridi. Ni mtetemo wa mashine, shemeji. Unaua vidole, na ukiendelea nao ipo siku havirudi. Nenda hospitali wakuone, usinisikilize mimi muuza spea. Lakini mashine, wewe sikuuzii. Namuuzia huyu, kwa kuwa ndivyo ulivyosema mwenyewe."

Walirudi ndani, wanawake wawili na Bonge. Ngurumo alibaki uani akijifanya anaikagua ile ya petroli. Mlango ulikuwa wazi.

"Nachukua ya betri," alisikia mkewe akisema.

"Ya petroli ingekufaa zaidi kwa nguvu. Nakwambia ukweli."

"Najua. Lakini hii haitetemeki sana, sivyo? Yule ipo siku atataka kuishika kidogo, dakika mbili tatu. Siwezi kumzuia, ni kazi yake. Afadhali ashike isiyomuumiza."

"Dakika mbili tatu, sawa," alisema Bi Spea. "Zisizidi."

Ngurumo aliweka mashine chini taratibu. Alisimama akitazama rundo la matairi ya toroli, akiomba mtu yeyote asitoke kumuita. Mama Pacha alilipa yeye, akaiacha ile ya zamani, waliyokuja nayo ikiwa kwenye gunia, iuzwe spea, akachagua glovu na kofia ngumu yenye kinga ya wavu mbele ya uso. Kofia aliijaribu kichwani mwake.

*

Walirudi kwa miguu. Ngurumo alikumbatia boksi kifuani, kwa kuwa vidole visingelibeba kwa kamba. Mama Pacha alichechemea kando yake. Walipita kituo cha mafuta, wakapita ukuta mrefu wa shule.

"Ulijua?" aliuliza Ngurumo.

"Baba Pacha, nakufunga vifungo tangu mwaka jana. Kila siku unasema umechelewa. Mtu anachelewa kila siku, hata Jumapili?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja uniambie mwenyewe." Aliinama akaweka bandeji yake sawa, akainuka. "Hata siku ile, pale chini, nilidhani utaniambia. Nilipokuwa nakutazama."

Hapo ndipo neno lilipotakiwa kutoka, na Ngurumo alilijua, lilikuwa fupi, watoto wadogo wanaliweza. Alilisogeza boksi juu kidogo.

"Mguu unauma?"

"Mguu umeshonwa," alisema Mama Pacha, akaendelea kutembea.

*

Alhamisi asubuhi walikuwa mbele ya geti la Mama Mkunga. Ngurumo alimfundisha mkewe kwa mdomo. Alimwambia aanzie kwenye shina kubwa aende kuelekea ncha. Alimwambia kila wakati shina liwe kati ya miguu yake na mnyororo, na asikate kamwe kwa ncha ya ulimi, maana hapo ndipo mashine inaporuka usoni. Alimwonyesha matawi yaliyojipinda chini ya uzito wa mti, akamwambia hayo yana hasira, yakatwe vipande vidogo vidogo, kuanzia nje. Alijishangaa jinsi alivyojua mengi. Hakuwahi kumwambia hata moja kati ya hayo.

Mama Pacha alianza kwa kusitasita, mwisho akashika mwendo. Mashine ile haikunguruma, ililia tu sauti nyembamba, na matawi yakawa yanaanguka bila fujo. Ngurumo aliyavuta kwa kuyakumbatia kwa mikono, si kwa vidole, majani yakimjaa shingoni. Majirani walewale wawili walikuja wakaegemea palepale ukutani. Mmoja aliuliza mngurumo umekwenda wapi leo. Mwingine alisema umeolewa. Wakacheka.

Mama Mkunga alitokea kwenye mlango wa nyumba, mikono kiunoni.

"Wewe Ngurumo, una akili timamu kweli? Huyu ambaye hata pa kusimama hapajui, ndiye umempa mashine?"

Mama Pacha alizima mashine, akavuta breki, akainua ile kinga ya kofia. Jasho lilikuwa linamtiririka puani. Ngurumo aliona midomo yake ikifunguka, akajua inafunguka kufanya nini. Ilikuwa inakwenda kulibeba kosa la mumewe tena, mara ya tatu, mbele ya watu walewale. Na angelibeba, na wote wangerudi kazini, na lisingesemwa tena maisha yao yote.

"Pa kusimama alipajua, mama," alisema Ngurumo.

Hakusema kwa sauti kubwa. Mmoja wa majirani alilazimika kuinamisha shingo.

"Mimi ndiye niliyemwambia asimame pale. Alikuwa amenishikia tawi kwa sababu nilimwagiza. Mashine ilinitoka mikononi. Vidole vyangu havishiki tena, mwaka sasa umepita." Aliviinua kidogo, kisha akaona haya kuvionyesha, akavishusha. "Nilidanganya."

Mama Mkunga alishuka ngazi ya mlangoni, akaja mpaka karibu naye.

"Mimi nikamgombeza mtoto wa watu."

"Ndiyo, mama."

"Damu inamtoka, nikamwambia akuombe msamaha."

"Ndiyo."

"Na akakuomba."

"Alituomba wote wawili."

"Na wewe ukaupokea."

Ngurumo alitazama unga wa mti kwenye viatu vyake. Uso ulikuwa unamuwaka hadi masikioni.

"Sasa unaniambia mimi ya nini?" alisema Mama Mkunga. "Mimi ndiye niliyekatwa mguu?"

Kutoka pale hadi kwa mkewe zilikuwa hatua nne. Ngurumo alizipiga akiruka matawi, macho ya watu yakimsindikiza mgongoni. Alisimama upande wa pili wa gogo.

"Nisamehe, mke wangu. Kwa siku ile. Na kwa dukani."

Mama Pacha alimtazama, na safari hii alimtazama kwa muda mrefu. Alifuta pua kwa nyuma ya glovu.

"Nimekusikia," alisema. Hakutabasamu, wala hakusema yamekwisha. "Sogea kidogo, tumalize kabla betri haijaisha."

Ngurumo alisogea.

Walibadilisha betri mara nne. Moja ikiwa kwenye mashine, nyingine ilikuwa jikoni kwa Mama Mkunga inakula umeme, na mara mbili walilazimika kukaa kuisubiri, kila mmoja kwenye gogo lake. Wakati mmoja Ngurumo alimwonyesha mkewe jinsi ya kuipitisha tupa kwenye meno ya mnyororo. Tupa ilimteleza vidoleni, akampa afanye mwenyewe, naye akawa anasema tu, kidogo kushoto, hapo, usikandamize. Majirani waliondoka kabla ya chakula cha mchana. Hakukuwa tena na kitu cha kucheka.

Saa kumi geti lilifunguka. Shina lenyewe, lililolalia ukuta, waliliacha. Mama Pacha alimwambia Mama Mkunga wazi kwamba hilo si la mashine hii, atafutwe Bonge. Kuni walizipanga chini ya kibanda, ndefu huku, fupi huku. Mama Mkunga alitoka nje ya geti, akarudi ndani, akatoka tena, kwa raha ya kutoka tu. Kisha akachukua simu.

"Nina mwenzangu upande wa pili wa barabara, ana miti miwili ya kupogoa. Nimpe namba gani? Humu kwenye simu ninaye Ngurumo Miti."

"Mpe ya mke wangu," alisema Ngurumo. "Ndiye anayekata."

"Ni ngapi?"

Ngurumo alifungua mdomo. Alianza na sufuri, akaweka saba, akasimama. Alipapasa mfuko, akakumbuka simu yake ameiacha nyumbani. Miaka ishirini na moja ya ndoa, na kila alipotaka kumpigia alikuwa anabonyeza neno Nyumbani lililo juu ya orodha. Mama Mkunga alisubiri, kidole kikiwa juu ya kioo. Mama Pacha alikuwa amechuchumaa anapangusa unga wa mti kwenye ulimi wa mashine. Alisikia kila kitu, na hakumsaidia.

"Mama Pacha," alisema Ngurumo. "Namba yako ni ngapi?"

Mkewe aliisema polepole, mbili mbili, kama mtu anavyomtajia mgeni. Mama Mkunga aliandika. Ngurumo naye aliirudia kimoyomoyo, midomo ikicheza, na walipoaga na kushika njia bado alikuwa anairudia, mkewe mbele na mashine mkononi, yeye nyuma na kofia na betri. Walipofika kwenye ukuta wa shule alikuwa ameshapoteza tarakimu mbili za mwisho. Alitembea hatua kadhaa akiona haya kuuliza tena.

Kisha akauliza. Mama Pacha alipunguza mwendo mpaka wakawa sambamba, akamtajia upya kuanzia mwanzo.